Bastola ya Milimita 9: Bei Kubwa Inanunua Nini Hasa?

Zifungue bastola mbili za milimita 9 juu ya meza moja, ile ya bei ya chini na ile inayoizidi mara tatu, kisha vipange vipande vyake sambamba: slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapopigwa), mtutu, springi, fremu, magazini. Asiye fundi atavitazama kwa muda mrefu bila kujua ipi ndiyo ghali. Wanafunzi wa karakana yetu huwa tunawapa zoezi hilo wiki ya kwanza, na wengi hukosea. Huichagua inayong'aa.

Kufanana huko kuna asili yake. Risasi ya milimita 9 iliyozoeleka leo, yenye ganda la urefu wa milimita 19, ilitokana na kazi ya Georg Luger huko Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Namna ya kuufunga mtutu kwenye slaidi kwa sekunde ile ya mlipuko, kisha kuuinamisha kidogo ili ganda litoke, ni wazo la Mmarekani John Browning. Browning alifariki mwaka 1926, na bastola aliyoianza ikakamilishwa na Dieudonné Saive katika kiwanda cha FN, Ubelgiji, ikatoka mwaka 1935. Gaston Glock wa Austria, ambaye hapo awali hakuwa mtengenezaji wa bunduki, alilirahisisha wazo hilohilo, akaliweka kwenye fremu ya plastiki ngumu, na jeshi la nchi yake likaichukua bastola yake mwaka 1982. Kwa hiyo unaponunua bastola ya kisasa, ya bei yoyote, karibu kila mara unanunua mfumo mmoja uliokwisha kujaribiwa kwa miongo mingi.

Ndiyo maana bastola za bei ya chini za leo si zile za zamani. Hataza za uvumbuzi zikiisha muda, kiwanda kingine kinaweza kuchukua umbo lilelile na kuliuza bila kulipia miaka ya majaribio. Bastola iitwayo PSA Dagger, ya Marekani, hupokea vipuri vingi vya Glock ya kizazi cha tatu. Canik ya Uturuki ilijenga jina lake juu ya bastola zilizotokana na Walther P99 ya Ujerumani. Ukiongeza mashine za kompyuta zinazochonga chuma kwa usahihi ambao zamani ulihitaji fundi wa miaka 20, pengo la ubora limepungua kuliko pengo la bei.

Kuna pia ule unafuu wa njia tofauti kabisa. Hi-Point C9 haina kufuli ya mtutu. Uzito wa slaidi yake, iliyomiminwa kwa aloi ya zinki, ndio unaoichelewesha kurudi nyuma hadi mgandamizo ushuke. Matokeo yake ni bastola yenye gramu zipatazo 820 inayobeba risasi 8, wakati Glock 17 ina gramu 630 hivi bila magazini na inabeba 17. Ni nzito, sura yake haimvutii mtu, lakini hufyatua. Wanaoicheka mara nyingi hawajawahi kuitumia.

Watu huogopa kwamba bastola rahisi itapasuka mkononi. Hofu hiyo ina jibu. Mgandamizo wa juu unaoruhusiwa kwa risasi hii katika viwango vya CIP, tume ya kimataifa iliyoanzishwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1914, ni bar 2,350. Katika nchi wanachama wa tume hiyo, kila bastola kabla ya kuuzwa hupigwa risasi za majaribio zenye mgandamizo unaozidi huo kwa asilimia 30, ndipo igongwe muhuri. Utaukuta muhuri huo, alama ndogo iliyochimbwa kwenye mtutu, slaidi au fremu. Bastola ya bei ya chini na ya bei ya juu hupita mlango huohuo. Lakini muhuri unathibitisha uimara tu. Haukwambii kama bastola itakwama au haitakwama.

Pesa ya ziada inakwenda wapi, basi? Sehemu kubwa inakwenda kwenye kidole. Vuta kifyatulio cha bastola ya bei ya chini taratibu: kuna safari ndefu yenye mikwaruzo, kisha ukuta usioeleweka ulipo, halafu mshtuko. Kwenye ile ghali safari ni fupi, ukuta unausikia mahali palepale kila mara, na kikishaachia, kurudi kwake ni kwa milimita chache. Bastola nyingi za kazi zina uzito wa mvuto wa kilo 2.5 hivi. Za mashindano hushuka hadi kilo 1 au moja na nusu. Jambo hili halifanyi risasi ziende mbali zaidi wala mtutu uwe sahihi zaidi. Linamsaidia mpigaji asiivuruge shabaha aliyokwisha kuipata, na kwa mpigaji ambaye hajafunzwa halisaidii sana. Pengine linamhatarisha, maana kifyatulio chepesi hakisamehe kidole kilichotangulia.

Sehemu nyingine ya pesa inakwenda kwenye vitu vya kuonekana na kushikika: vilengeo vya chuma badala ya plastiki, rangi ya kinga inayovumilia jasho, kingo zilizolainishwa, fremu inayobadilishwa migongo kufuata ukubwa wa kiganja. Sidharau hayo. Kilengeo cha plastiki kikigonga ukingo wa mlango kinaweza kung'oka, na chuma kinachopata kutu kwenye ala ya kiunoni ni kero ya kila siku. Ila si mambo ya kuaminika kwa silaha, na muuzaji akiyachanganya pamoja, mnunuzi atenganishe.

Tena kuna kinaya hapa. Bastola zilizobanwa sana, zinazounganishwa kwa mkono ili kila kipande kikae bila nafasi, zinaweza kuwa na makundi mazuri ya matundu kwenye karatasi ya shabaha, lakini vumbi na mafuta yaliyoganda huzisumbua kuliko zilizolegea kidogo. Watengenezaji kadhaa wa aina hiyo humshauri mnunuzi apige mamia ya risasi kwanza ili vyuma vizoeane. Yaani umelipa mara nne, na bado unatakiwa uikamilishe mwenyewe. Kwa mwanamichezo ni sawa. Kwa mlinzi anayeingia zamu kesho, hapana.

Tukija kwenye kukwama kwenyewe, karakana inatufundisha kitu ambacho matangazo hayasemi. Tukiletewa bastola inayokwama, kitu cha kwanza tunachokishika ni magazini. Magazini ni kiboksi cha bati chenye springi, na midomo yake miwili ya juu ndiyo inayoamua risasi itaingia kwa pembe gani chembani, yaani nyuma ya mtutu inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Midomo ikipanuka kwa unene wa ukucha, risasi inainuka mapema na kugonga juu ya chemba. Ikibanwa, inainama na kugonga chini. Magazini ikianguka juu ya saruji mara kadhaa ikiwa imejaa, midomo hupinda, na macho hayaoni.

Nakumbuka afisa mmoja aliyetuletea bastola ya gharama, ya jina kubwa, akiwa ameshakata tamaa nayo. Kila baada ya risasi 20 au 30 slaidi ilikuwa inasimama nusu njia. Alikuwa ameshabadilisha springi, ameshabadilisha ndoana ya kutolea ganda, na alikuwa tayari kuiuza kwa hasara. Tukaziandika magazini zake tatu kwa wino: 1, 2, 3. Tukapiga risasi 50 kwa kila moja. Namba 1 na namba 3 hazikukwama hata mara moja. Namba 2 ilikwama mara nne. Tuliiweka juu ya kioo karibu na nyingine, na mdomo wake wa kushoto ulikuwa umeinuka. Ilikwenda kwenye pipa la vyuma, naye akaondoka na bastola yake.

Baada ya magazini huja risasi. Kichwa cha shaba cha mviringo, cha gramu 7.5 au 8, hupita karibu katika kila bastola. Vichwa vyenye tundu mbele hugonga njia ya kupandia chembani, na hapa ndipo bastola ya bei ya chini inapoumbuka wakati mwingine, kwa sababu njia hiyo haikusuguliwa vizuri. Ipakue bastola, itoe magazini, hakikisha chemba ni tupu kwa macho na kwa kidole, ifungue, kisha pitisha ukucha kwenye mteremko ulio chini ya mdomo wa mtutu. Ukucha ukikwaruza, umeipata sababu.

Halafu kuna mkono wa mpigaji. Slaidi inahitaji fremu iliyotulia ili irudi nyuma kwa nguvu kamili. Kiwiko kikilegea na kifundo kikikubali kupigwa juu, fremu inarudi pamoja na slaidi, na ganda linabanwa kwenye mlango wake wa kutokea likisimama kama bomba la jiko. Bastola nyepesi za plastiki huathirika zaidi. Lawama inabaki kwa kiwanda, wakati dawa ni nusu saa na mwalimu.

Utajuaje, basi, kama bastola yako ni ya kuaminika? Watu hupiga magazini mbili tatu, wakatosheka. Hesabu inawakatalia. Kuna kanuni rahisi ya takwimu: kitu kikijaribiwa mara kadhaa bila kushindwa hata mara moja, gawa 3 kwa idadi ya majaribio, utapata kiwango cha juu cha kushindwa ambacho bado kinawezekana, kwa uhakika wa asilimia 95. Risasi 50 bila tatizo maana yake ni kwamba bastola bado inaweza kuwa ya kukwama hadi mara 6 katika kila 100. Risasi 200 zinashusha hadi moja na nusu katika 100. Hata risasi 1,000 safi zinaacha nafasi ya mara 3 katika 1,000. Kwa hiyo mtu anayesema «yangu haijawahi kunikwamia» muulize kwanza ameipiga risasi ngapi. Sisi hatuikabidhi bastola kwa kazi kabla ya risasi 200 za mazoezi na 50 za aina ileile itakayobebwa, kwa kila magazini kupata zamu yake. Ikikwama, hesabu inaanza upya baada ya kurekebishwa.

Jambo moja sikubali lipunguzwe kwa sababu ya bei: bastola ikianguka isifyatuke. Ndani ya slaidi ya bastola nzuri ya kisasa kuna kizuizi kidogo cha chuma kinachoikinga pini isifike kwenye fataki ya risasi mpaka kifyatulio kivutwe. Mifano ya kale na baadhi ya bidhaa za rahisi sana hazina kizuizi hicho, na hizo zisibebwe na risasi chembani. Lakini msidhani jina kubwa ni kinga. Mwaka 2015 kampuni ya Taurus ilikubali mapatano mahakamani nchini Marekani, bila kukiri kosa, yaliyogusa mifano tisa ya bastola zake na karibu silaha milioni moja, kesi ikiwa juu ya kufyatuka zinapoanguka. Mtu angesema hayo ni ya bei ya chini. Mwaka 2017, mwaka uleule jeshi la Marekani lilipoichagua P320 ya SIG Sauer kuwa bastola yake mpya, kampuni hiyo ilitangaza kuwabadilishia bure wateja wa kiraia vipuri vya kifyatulio, baada ya majaribio kuonyesha kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka. Kabla ya kununua, tafuta kama mfano huo umewahi kuitwa urudishwe kiwandani kwa marekebisho, na kama namba ya ile unayoishika imo katika wito huo.

Kwenye pesa, watu hulinganisha bei za dukani tu, wakati bastola ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Risasi 2,000 za mazoezi, ambazo si nyingi kwa mtu anayejifunza kwa dhati, mara nyingi zinaipita bei ya bastola rahisi. Springi ya slaidi hubadilishwa kila baada ya risasi 3,000 hadi 5,000, kufuata maelezo ya mtengenezaji. Magazini za akiba, ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, na sanduku la chuma lenye kufuli vinafuata. Aliyetumia akiba yake yote kwenye jina la bastola, akaihifadhi kwenye droo bila kufuli na kupiga risasi 20 kwa mwaka, amenunua pambo la hatari.

Ningetakiwa kuchagua, ningeenda katikati: mfano uliouzwa kwa miaka mingi, vipuri vyake vinapatikana, magazini zake si za kuagiza kwa miezi mitatu. Ningeitazama pia iliyotumika, iliyotoka kwenye jeshi la polisi. Bastola za namna hiyo hubebwa sana na kufyatuliwa kidogo: slaidi imechubuka rangi kwa kuingia na kutoka kwenye ala, huku ndani mtutu ukiwa karibu mpya. Mpe fundi aipime, abadilishe springi zote. Bei ya juu kabisa ningeiacha kwa anayeshindana na kujua kwa namba kwamba kifyatulio chake kinampotezea pointi.

Na nyumbani iwe na daftari. Andika tarehe, idadi ya risasi, aina yake, namba ya magazini, na kilichotokea. Daftari la bastola mojawapo ya bei ya chini pale karakana lina risasi 6,100 sasa na kukwama mara 7, zote ndani ya 300 za mwanzo isipokuwa moja. Pembeni ya hiyo moja kuna maandishi ya mwanafunzi: «magazini namba 4, imedondoka jana.»