Chimwiini si Kiswahili kilichoharibika

Jumamosi iliyopita mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka tisa kwenye darasa langu hapa London, akanivuta kando: "Maalim, nifundishie huyu Kiswahili safi. Hiki tunachosema nyumbani kimeharibika." Mama huyo ni Mbarawa, mtu wa mji wa Barawa katika pwani ya Somalia, kwa baba na kwa mama. Maneno hayo nimeyasikia kwa wazazi wengi mno, na yananiuma kwa sababu wanaoyasema ndio wenye lugha.

Chimwiini maana yake ni Kimjini, lugha ya Mwiini, ndivyo tunavyoiita Barawa yetu. Wanaisimu wengi hukiweka pamoja na lahaja za kaskazini za Kiswahili. Wanaokiona kibovu hukipima kwa Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja na kilianza kusanifiwa miaka ya 1930. Barawa ilikuwa mji wa biashara tangu kabla Wareno hawajaivamia mwanzoni mwa karne ya 16. Basi kimeharibika kutoka wapi?

Chukueni visu. Sisi husema zisu, kimoja chisu. Yule mama aliniambia hiyo zi- ni kosa walilolipata watu Somalia. Someni mashairi ya kale ya Lamu na Pate muone zi- ilivyojaa pale ambapo leo mnaandika vi-. Amepika kwetu ni pishile. Mwisho huo wa -ile nao umo katika mashairi hayohayo. Mwanafunzi wa fasihi anausoma kama kitu cha zamani, na bibi yake Mbarawa anautamka akiuliza nani kapika wali.

Tena kuna jambo ambalo Kiswahili sanifu hakina kabisa. Sema jile nama, mkazo uuweke silabi ya mwisho: umekula nyama. Urudishe mkazo nyuma silabi moja: amekula nyama. Maneno ni yale yale mawili, na nafsi inajulikana kwa mkazo tu. Nilimfanyisha zoezi hilo yule mtoto, mimi nikitamka, yeye akinyoosha kidole: kwake mwenyewe, au kwa mwenzake. Hakukosea hata mara moja. Amekuwa akiusikia mkazo huo kwa bibi yake wa Mombasa kwenye simu tangu anazaliwa. Na hiki ndicho mama yake alichotaka nimwondolee!

Baada ya vita vya 1991 watu wetu walipanda mashua kwenda Mombasa, wakaishi makambini. Kambi zilipofungwa wengi wakapelekwa Marekani, wengine tukajikuta Uingereza. Mtoto wa Atlanta na mtoto wa London hawana shule moja wala pasipoti moja. Mmoja akisema zisu na mwenzake akaelewa, wamejuana ni wa mji mmoja.

Maneno mengine ninayoyasikia kwa wazazi nitayajibu kwa kifupi. "Lugha mbili humchanganya mtoto." Hapana. Wazee wetu walikuwa na Chimwiini nyumbani, Kisomali sokoni na Kiarabu madrasani, na hakuna aliyechanganyikiwa. Mwalimu wa shule akikwambia uache lugha yako nyumbani, msikilize kwa adabu, kisha endelea kuisema.

"Watajifunza tukirudi." Al-Shabaab waliondolewa Barawa Oktoba 2014, alhamdulillahi, lakini watoto wengi waliozaliwa huku hawataenda kuishi kule, na umri wa kushika lugha haungoji.

"Mbarawa wa kweli ni wa ukoo fulani." Hili sitaki kulisikia darasani kwangu. Hatimi, Bida, Tunni, Masharifu, wote ni watu wa mji.

"Michango ya misiba kwenye WhatsApp inatosha kutuweka pamoja." Michango ni wajibu wetu na tusiiache. Ila kijana anayechangia bila kuelewa dua inayosomwa kwa lugha ya babu yake, kesho ataona anawachangia wageni.

Wengine wanasema steenzi, yaani tenzi zetu za dini, ni za wazee. Dada Masiti, mshairi wa kike wa Barawa, alitunga kwa Chimwiini ili mtu asiyejua Kiarabu, wanawake wetu wakiwemo, aelewe dini yake, na tungo hizo zilienea kwa kusomwa kwa sauti na kuhifadhiwa. Mtoto akihifadhi beti kumi amepata msamiati, mkazo na irabu ndefu kwa pamoja. Wazazi huniuliza programu gani ya simu ni nzuri. Mimi huwajibu: anzeni na utenzi mmoja, beti moja kwa wiki, na daftari la maneno ya jikoni, irabu ndefu muiandike mara mbili, nuumba, isije ikapotea. Halafu mpigieni bibi wakati wa chakula cha jioni. Asitokee mtu wa kumtafsiria mtoto. Asipoelewa, bibi atarudia. Na simu muiweke mezani, sauti juu, wote wasikie.