Ganzi ya jicho si pilau

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na daktari mzima: "Wewe kwenye ganzi ya mtoto wa jicho unachanganya nini? Wenzako siku hizi wanaongeza deksmedetomidini, ile dawa ya kutuliza na kusinzisha, ganzi inakaa saa na saa."

Inakaa, sikatai. Ila mkono uliozoea unamtoa mtoto wa jicho kwa robo saa hivi. Hizo saa nyingine ni za nani?

Halafu bei anayoilipa mgonjwa. Mapigo ya moyo yanapungua, presha inashuka, na wagonjwa wetu ni wazee, wengi wanameza atenololi, dawa ya presha inayopunguza mapigo pia, asubuhi hiyohiyo. Mzee anasinzia chini ya shuka, mnafurahi katulia, kumbe yumo ndotoni. Akishtuka, anageuza kichwa kisu kikiwa ndani ya jicho.

Adrenalini? Inabana mishipa ya damu ili lidokeini, dawa yenyewe ya ganzi, isiondoke upesi. Kwa jicho lenye glakoma (presha ya jicho), ambalo neva yake tayari inapata damu kwa shida, sioni sababu. Ukitaka muda, chukua lidokeini 2% na bupivakaini 0.5%, ganzi inayodumu zaidi, yatosha. Baikaboneti, wanayotia ili ganzi ishike upesi, ikizidi kwenye bupivakaini inafanya chengachenga; ukiziona, tupa mchanganyiko.

Sasa hayaluronidesi, kimeng'enya kinachochanganywa na ganzi, ambayo ndiyo inaniudhi kwa jinsi inavyosemwa. HAITII GANZI. Ukichoma pembeni mwa jicho unaiacha dawa nje ya duara la misuli inayogeuza jicho, na lazima ipenye mafuta na tishu hadi kwenye neva. Kimeng'enya hiki kinavunja asidi ya hayaluroniki iliyoko katikati ya tishu, dawa ikapata njia. Basi. Ganzi haiwi kali, inaenea. Na kama sindano uliiweka pabaya, itaenea kutoka hapohapo pabaya. Tena aina zake nyingi ni za friji. Kichupa kilicholala mezani tangu umeme ukatike jana, usije ukaniambia "mgonjwa huyu ni sugu".

Je, tuna uhakika inasaidia? Hapa vitabu vinajikaza kuliko mimi. Imetumika tangu miaka ya 1940, lakini tafiti zinapingana, na dozi zinatofautiana mno, yuniti 5 kwa mililita hadi 150. Mimi natumia 15, na ukinibana kwa nini si 30, sina la kujitetea. Kinachonifanya nisiiache ni ile habari ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990: ilipoadimika, madaktari waliripoti wagonjwa waliobaki wakiona vitu viwili viwili. Dhana ni kwamba dawa isiyosambaa inatuama kwenye msuli na kuuunguza. Yawezekana pia ni sindano yenyewe iliyochoma msuli. Naamini nusu.

Wanaopitisha dawa chini ya utando wa Tenon, unaolizunguka jicho, kwa kanyula butu (mrija usio na ncha kali) hawaihitaji sana, kwa sababu dawa inaingia karibu na inakotakiwa.

Lakini mara nyingi anayelilia kiongezi hajasubiri. Dakika 2 tu, daktari wa upasuaji kashavaa glavu: "Tayari?" Bado! Bonyeza jicho taratibu, uachie kila mara, subiri zifike 10. Ndipo umwambie bibi atazame juu, chini, kushoto, kulia. Likitulia, ganzi imeshika. Likiendelea kukimbilia upande wa pua, naongeza mililita 2 za mchanganyiko uleule kona ya ndani, nasubiri tena.