Mtoto wa mahabusu hana muhula

Mimi ni mwalimu wa elimu nje ya mfumo rasmi, na kwa miaka kadhaa nimefundisha watoto walioko mahabusu hapa Dar es Salaam wakisubiri kesi zao. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuuchukua muhtasari wa shule ya kawaida, pamoja na mihula yake, na kuuingiza mle ndani kama ulivyo. Kesi ikiahirishwa mtoto anabaki. Akipata dhamana anaondoka na mzazi wake siku hiyo hiyo, na somo lililoanza Jumatatu linakatika katikati. Kwa hiyo kila kipindi lazima kijitosheleze, ili aliyehudhuria mara moja tu asiondoke mikono mitupu.

Nilipata kumfundisha kijana wa miaka 14 aliyekuwa akiuza maji ya chupa kwenye daladala. Neno "mlango" lilimshinda kusoma. Nilipomuuliza chenji ya elfu kumi kwa chupa 7 za shilingi 600, alijibu kabla sijamaliza kuandika ubaoni: "Elfu nne na mia mbili, naongeza mia nane inakuwa elfu tano, halafu elfu tano nyingine. Chenji elfu tano na mia nane." Niliyaandika maneno yake kama alivyoyasema, yakawa ndiyo somo lake la kwanza la kusoma.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kushtakiwa hakumwondolei haki ya kusoma. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa (MEMKWA), wenye kundi la miaka 11 hadi 13 na la miaka 14 hadi 18, unawafaa wengi wao kuliko darasa la kawaida, mradi mwalimu aruhusiwe kuugawa katika vipande vifupi.

Jambo linaloniuma zaidi ni kumbukumbu. Mtoto akitoka bila karatasi inayoonyesha alipofikia, mwalimu wa nje humwanzisha upya, naye hukata tamaa. Karatasi hiyo, anayopaswa kuifuatilia afisa ustawi wa jamii, isitaje mahabusu popote; kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru zinakataza vyeti vyao kuonyesha kwamba waliwahi kuzuiliwa. Karatasi ya yule kijana ilikuwa na maneno 23 anayoweza kuyasoma, na chini yake nafasi tupu kwa ajili ya mwalimu atakayempokea.