Epijenetiki si ugonjwa wa ukoo

Miezi miwili iliyopita, kwenye hitima moja hapa Lamu, nilimsikia mzee ninayemheshimu sana akiwaeleza watu barazani kwamba marehemu alifariki kwa saratani ya utumbo mpana "ya epijenetiki, yaani ya damu, ya ukoo." Mwaka huu nimelisikia neno hilo likitumiwa hivyo mara nne au tano, nami nikanyamaza. Safari hii halikupita bure. Kabla ya arubaini, posa ya binti wa marehemu ilikuwa imerudishwa. Nafundisha bayolojia, sina udhuru wa kuendelea kunyamaza.

Maana yenyewe ni fupi. Epijenetiki ni mabadiliko ya namna jeni inavyosomwa na seli, ilhali herufi za jeni hiyo, yaani kemikali zilizopangwa kuiunda, hazikubadilika. Jeni ipo, nzima, ila seli imeacha kuisoma, au inaisoma kupita kiasi.

Mkanganyiko unaanzia kwenye majina. "Jeni" ni neno lililoundwa mwaka 1909 na Wilhelm Johannsen, mtaalamu wa mimea wa Denmark, kutokana na mzizi wa Kigiriki wenye maana ya kuzaa na asili. Vitabu vyetu vikalitafsiri kuwa "chembe ya urithi", na tangu hapo mtu akisikia jeni anasikia urithi. Ni kweli jeni hurithiwa. Lakini kosa lililoingia kwenye jeni ya seli moja ya utumbo, mtu akiwa na miaka sitini, hakulipata kwa babake wala hatamwachia mwanawe, kwa sababu mtoto hatoki kwenye seli ya utumbo. Kwa maana hii saratani kwa jumla ni ugonjwa wa jeni, na bado zile za ukoo ni chache: katika saratani za utumbo mpana, ni kama 5 kati ya 100 zinazotokana na jeni yenye kosa linalojulikana la kurithiwa.

Na "epi"? Kwa Kigiriki ni "juu ya". Conrad Waddington, mwanabayolojia wa Uingereza, ndiye aliyelitoa neno hili mwaka 1942, akiunganisha jenetiki na neno "epijenesisi", lenye wazo la tangu zama za Aristotle kuhusu mimba: kwamba kiumbe huumbika hatua kwa hatua, si kwamba yumo tayari ndani ya mbegu akisubiri kukua. Waddington alitaka jina la njia itokayo kwenye jeni mpaka kwenye mwili. Maana ya leo, ya alama zinazokaa juu ya DNA, ile kemikali iliyobeba jeni, ilikuja baadaye. Katika maana zote mbili, ya zamani na ya sasa, hakuna ukoo.

Mtu aliyepita chuo cha Kurani hapa Lamu hahitaji mfano wa kigeni hapa. Andika kaf, ta, ba. Tia fataha zote tatu, usome *kataba*, aliandika. Zile zile tatu, tia dhuma na kasra, usome *kutiba*, iliandikwa. Hukugusa hata herufi moja. Kisha kuna sukuni, kile kiduara kidogo juu ya herufi: ikikaa, herufi ipo lakini imetulia, haina irabu. Kemikali iitwayo methili, kaboni 1 na hidrojeni 3, hufanana na sukuni hiyo. Hujishika kwenye herufi C ya DNA, na zikisongamana nyingi mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo haisomwi tena. Hapo ndipo mfano wangu unapopungua, maana sukuni hunyamazisha herufi moja, methili hunyamazisha neno zima.

Sasa utumbo. Ukuta wa ndani wa utumbo mpana una vishimo vidogo mno, na chini ya kila kishimo kuna seli zinazogawanyika mchana na usiku. Hufanya hivyo kwa kuamriwa, na mojawapo ya ishara za kuamrisha huitwa Wnt. Seli ikipanda juu, ishara inafifia, seli inaacha kugawanyika, na baada ya siku tano hivi inabanduka na kutoka. Ndani ya seli, protini ya APC husaidia kuivunja protini nyingine, beta-katenini. Wnt ikifika, uvunjaji unasita, beta-katenini inajaa, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kukua. Jeni ya APC, iliyotambuliwa mwaka 1991 kwenye kromosomu ya 5, ikiharibika, beta-katenini haivunjwi kabisa. Seli inatii amri ambayo hakuna aliyeitoa. Hilo ni kosa la herufi, na huonekana kwa wagonjwa wanane hivi kati ya kumi.

Upande wa irabu, kuna protini za SFRP ambazo hukaa nje ya seli na kuinasa Wnt isizidi. Katika saratani nyingi za utumbo mpana jeni zake ni nzima, herufi hazina doa, ila zimetiwa methili. Ishara inapaa bila kizuizi. Njia mbili, matokeo yanakutana.

Jeni iliyotajwa kwenye ripoti ya marehemu ni MLH1, ambayo kazi yake ni kusahihisha makosa seli inaponakili DNA. Uvimbe kama 15 kati ya 100 wa utumbo mpana umepoteza usahihishaji huu. Takriban 3 kati ya hizo 15 ni za kurithi, ule ugonjwa wa Lynch, na zilizobaki nyingi ni MLH1 iliyonyamazishwa kwa methili, hasa kwa wazee. Ndiyo maana daktari akikuta protini ya MLH1 haipo kwenye uvimbe hutafuta methili: akiipata, kwa kawaida huwa ni dalili kwamba ugonjwa *haukutoka* kwenye ukoo. Ripoti ile ilisema methili imepatikana. Neno lililoiondolea familia tuhuma ndilo lililogeuzwa kuwa tuhuma. (Mwenye ndugu kadhaa waliougua, hasa kabla ya miaka 50, na aende akapimwe. Saratani ya ukoo ipo, na huwahiwa.)

Najua pia mzee alikolitoa. Vitabu husema alama hizi "hurithiwa", na ni kweli: seli ikigawanyika, huzinakili kwa seli zake mbili. Lakini huo ni urithi wa seli ndani ya mwili mmoja. Mimba inapoanza, sehemu kubwa ya alama hizi hufutwa na kuandikwa upya.

Kwa hiyo, ami, ninakuomba kwa adabu. Ukiulizwa tena barazani, sema jeni ya kusahihisha ilinyamazishwa ndani ya utumbo wa marehemu, na kwamba watoto wake hawakuachiwa hilo. Na kwa kuwa neno lako linasikizwa kuliko langu, pita na kule kwa wenye posa uwaeleze hivyo hivyo.