Mtambao wa metali ni nini?

Angalia sigiri ya mchoma nyama yeyote wa Kampala aliyeitumia mwaka mzima. Fito za chuma zinazobeba makaa zimebonyea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Hakuna aliyezikanyaga. Mzigo ni uleule wa siku ya kwanza, kilo chache za makaa, na fito zikiwa baridi zingeubeba bila shida. Zimepindwa na moto pamoja na muda. Huko kubadilika umbo polepole chini ya mzigo usioongezeka ndiko wahandisi wanakuita kripu. Mimi napenda kusema mtambao.

Joto huzipa atomi nguvu ya kuhama, na zikivutwa huhamia upande zinakovutwa. Tatizo huanza metali inapofikia takriban asilimia 40 ya joto la kuyeyuka kwake, kwa kipimo cha kelvini, kinachoanza kuhesabu kwenye baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Kwa chuma cha kaboni ni kama nyuzi 400 za Selsiasi. Risasi, ile metali laini na nzito, huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za Selsiasi, kwa hiyo hata kivulini imeshafika nusu ya safari; mapaa ya risasi ya makanisa ya kale Ulaya huteremka yenyewe kidogo kidogo.

Sigiri ikibonyea unanunua nyingine. Boila, mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke, ni habari nyingine kabisa. Viwanda vya sukari, kama vya pande za Jinja, huchoma makapi ya miwa kupata mvuke wa kuendesha mitambo na kufua umeme. Bomba linalopitisha mvuke mkali hutanuka upesi kidogo mwanzoni, kisha hutulia miaka mingi likitanuka kwa mwendo usioonekana. Wakati huo vitundu vidogo mno vinaota kwenye mipaka ya chembe za metali. Vikiungana, mwendo huongezeka ghafla na bomba hupasuka, mara nyingi kwa ufa wenye kingo nene, kwa kuwa ukuta haukupata kuwa mwembamba sana.

Nyuzi chache zina uzito mkubwa hapa. Bomba la kudumu saa 100,000, yaani miaka 11 na ushei, likizidishiwa nyuzi 10 tu linaweza kupoteza nusu ya umri huo. Utando wa chumvi za maji ndani ya bomba unatosha kuleta ongezeko hilo, huku kipimo cha presha kikisoma kawaida. Ndiyo maana boila ikizimwa kwa matengenezo, fundi makini huzungusha kipimo kwenye kila bomba linalopata moto mkali na kulinganisha mzingo wake na alioandika mwaka uliopita.