Mtoto "kapona" minyoo: neno hili lina maana gani maabara?

Siku mbili baada ya skuli kugawa dawa za minyoo, jirani yangu hapa Chake Chake alinisimamisha mlangoni kwake. Mjukuu wake alimeza kidonge, na asubuhi ile akatoa mchango mmoja mrefu, mweupe, mnene kama mnyoo wa shambani. "Mwanangu," akaniuliza, "sasa si kapona huyu?"

Nikamjibu kwamba inategemea ni mchango gani, na neno kupona tumelipa maana gani. Jibu hilo halikumridhisha, na ana haki. Nalieleza hapa kwa nafasi.

Sisi tukisema mtoto kapona, twakusudia tumbo limetulia, anakula, anacheza. Mtafiti wa minyoo haangalii hayo. Kwake yeye, aliyepona ni yule aliyeonekana na mayai ya minyoo chooni kabla ya dawa, kisha akapimwa tena baada ya wiki mbili tatu asionekane na hata yai moja. Wakiwa hivyo watoto 30 katika 100, basi kiwango cha kupona ni asilimia 30. Nusu kupona haipo. Aliyebakiwa na mayai mawili anawekwa fungu moja na yule ambaye dawa haikumgusa kabisa.

Mayai yenyewe huhesabiwa kwa njia iitwayo Kato-Katz, kwa majina ya Mjapani aliyeianzisha na Mbrazili aliyeiboresha mwaka 1972. Kiasi kidogo cha kinyesi hupitishwa kwenye wavu ili makapi yabaki, halafu hujazwa kwenye tundu la kibao cha plastiki. Tundu hilo huchukua miligramu 41.7, si zaidi. Kibao kikiondolewa, kidonge kidogo cha choo hubaki juu ya kioo, kikafunikwa kwa selofani iliyolowekwa gliserini na kugandamizwa mpaka kitandazike. Gliserini hukifanya kiangaze, mwanga ukapita. Chini ya hadubini, yai la mnyoo mjeledi, yule mwembamba akaaye utumbo mpana, hulikosi: ni kipipa kidogo cha rangi ya kahawia chenye vizibo viwili vinavyong'aa, kimoja kila ncha. Yai la safura, mnyoo mwingine anyonyaye damu tumboni, lina ganda jembamba, na ukichelewa, gliserini hulififiza kwa muda wa nusu saa hadi saa moja tu. Ukija kutazama baadaye utaandika kuwa mtoto hana safura, kumbe ni macho yako yaliyochelewa.

Idadi iliyoonekana huzidishwa kwa 24 ili kupata mayai katika gramu moja ya choo. Hapo ndipo inapopatikana dhana ya pili, ambayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko ya kwanza: kiwango cha kupungua kwa mayai. Chukua mtoto ambaye kioo chake kilikuwa na mayai 50. Hiyo ni 1,200 kwa gramu, maambukizi ya wastani kwa mnyoo mjeledi. Baada ya dawa yakaonekana mawili, yaani 48 kwa gramu. Hakupona. Lakini mayai yamepungua kwa asilimia 96, na ni wingi wa minyoo unaomkondesha mtoto na kumtoa damu.

Kisiwa chetu cha Pemba kimechangia sana kuweka wazi tofauti hii. Pale Wawi ipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea wa Italia. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa Pemba wa miaka 6 hadi 14, waliogawiwa dawa tofauti kwa kura. Zote ni dawa za minyoo. Kwa mnyoo mjeledi, albendazoli peke yake, tena kidonge kimoja, iliponya asilimia 2.6 tu. Mebendazoli ilifika 11.8. Albendazoli ikichanganywa na oksanteli ilifika 31.2. Mtu akiishia hapo atasema hata mchanganyiko ule ni dawa dhaifu, maana zaidi ya nusu ya watoto hawakupona. Sasa tazama mayai: kwa mchanganyiko yalipungua kwa asilimia 96, kwa albendazoli peke yake 45. Watoto wale ambao "hawakupona" walikuwa wametuliwa mzigo mkubwa.

Mjeledi ni mgumu kwa sababu ya anavyokaa. Sehemu yake ya mbele ni nyembamba kama uzi, nayo huichomeka ndani ya ukuta wa utumbo mpana.

Tena kiwango cha kupona si mali ya dawa peke yake. Albendazoli pamoja na ivamektini, dawa nyingine ya minyoo, ilifanya vizuri kwa mjeledi wa Pemba na wa Laos, lakini Ivory Coast haikuleta tofauti ya maana. Kwa hiyo ukisikia dawa fulani huponya asilimia kadhaa, uliza imepimwa wapi, kwa minyoo gani, na choo kilipimwa mara ngapi. Mayai hayaenei sawasawa chooni. Kioo kimoja kikiwa kitupu si ushahidi wa kutosha, na watafiti makini huchukua choo cha siku mbili na kusoma vioo viwili kwa kila siku.

Nilirudi kwa jirani jioni. Nikamwambia mchango ule mrefu ni ule mkubwa wa mviringo, na huo kidonge kimoja huuondoa kwa watoto walio wengi sana. Mjeledi hauzidi sentimita tano na si rahisi kuuona chooni, basi asipime kupona kwa kilichotoka. Akiona damu na kamasi, au puru inatoka mtoto akijikamua, ampeleke hospitali akapimwe choo. Na safura hapiti mdomoni tu; hutoboa ngozi ya nyayo akitokea kwenye udongo wenye unyevu.

"Haya, mwanangu," akasema, akageuka kumwita mjukuu aliyekuwa uani pekupeku: "We! Njoo uvae kandambili!"