Rimu za nati tano si zote sawa

Wengi wanaamini rimu pana ya nati tano ikiingia, basi imekubali. Chukua rimu za Nissan X-Trail kwenye RAV4. Nati zinaingia vizuri kabisa, kwa kuwa zote ni 5x114.3, yaani matundu matano ya nati kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3. Ila tundu la katikati la Nissan ni milimita 66.1, na habu ya RAV4, yaani kitovu kinachoingia kwenye tundu hilo, ni 60.1. Bila pete ya kuziba pengo hilo, rimu hubaki inashikiliwa na nati peke yake, na isipokaa katikati sawasawa usukani utatetemeka. Nati za Nissan nazo usihame nazo, meno yake ni tofauti, utaharibu stadi, yaani bolti za gari zinazofungwa nati.

Upana pia una hesabu yake. Ukitoka inchi 7 kwenda 8, hata ofseti (umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu) isipobadilika, rimu huongezeka milimita 12.7 kila upande. Kata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, uone kama tairi linagusa fenda au shokapu.